Ruta gani inafaa kwa muziki wa nyumbani Mudaka?

Ndugu aliye Ubelgiji akikutumia spika ya Wi-Fi, au ukinunua kichezeshi kinachosoma nyimbo kupitia mtandao wa nyumbani, utagundua mapema kwamba hicho peke yake hakitoshi. Kinahitaji ruta, yaani kile kiboksi chenye antena kinachounganisha simu, kompyuta na spika bila waya. Madukani Bukavu utasifiwa kasi. Kwa nyumba ya Mudaka, kasi iulizie mwisho. Anza na umeme na kuta.

Je, nitahitaji mega kila siku?

Hapana, na watu wengi hawaambiwi hivyo. Ruta huunda mtandao wa ndani ya nyumba hata kama haina intaneti kabisa. Nyimbo zikiwa kwenye kompyuta, au kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya ruta, spika itazicheza bila kula mega hata moja. Mega zinaliwa unaposikiliza YouTube au redio za intaneti.

Kwa hiyo tafuta ruta yenye tundu la USB, na kwenye boksi lake pawe pameandikwa DLNA, yaani mfumo wa kugawia spika nyimbo kupitia mtandao wa nyumbani. Flashi ya GB 32 hubeba nyimbo zaidi ya 3,000 za MP3 za ubora wa juu, na hiyo ni rumba ya kutosha sherehe nyingi. Angalia tu: ruta nyingine zina tundu la USB la modemu au printa, na muziki hazisomi. Tena, baadhi ya spika zinazopokea amri za sauti haziwezi kitu bila intaneti. Kwa nyumba isiyo na mega za kudumu, hizo ni pesa za bure.

Kasi inayohitajika ni ipi?

Ndogo kuliko unavyodhani. MP3 nzuri hutumia kilobiti 320 kwa sekunde. Muziki wenye ubora wa CD hutumia 1,411, ambayo haifiki hata megabiti moja na nusu. Ruta ya kiwango cha 802.11n, kilichoidhinishwa mwaka 2009, hupitisha hizo bila taabu. Muziki ukikatikakatika, mara nyingi ni mawimbi yanayofika yakiwa dhaifu, na ruta ya bei kubwa ikiwekwa mahali pabaya itakatika vilevile.

Gigahezi 2.4 au 5?

Ile ya 2.4 hufika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi. Ya 5 ina kasi lakini huchoka mapema. Vichezeshi vingi vya zamani hukamata 2.4 peke yake, basi usinunue ruta isiyo nayo. Mbao hazisumbui sana mawimbi, matofali ya kuchoma huyapunguza, bati huyarudisha. Weka ruta katikati ya nyumba, juu, mbali na friji na kuta za bati. Kama unakaa Kadutu, ambako nyumba zimebanana na mitandao ya majirani inaingiliana, chagua chaneli 1, 6 au 11. Spika ikiwa kwenye nyumba ya pili uani, vuta kebo ya mtandao; inafanya kazi hadi mita 100.

Umeme ukikatika?

Delestaji tunaijua sote, ingawa mto Ruzizi unazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Habari njema ni kwamba ruta hula kidogo. Soma kibandiko chake: nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 1, yaani wati 12 kwa juu kabisa, na kwa kawaida hutumia karibu nusu ya hapo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ukitumia nusu ya nguvu yake ili isife mapema, itaiendesha saa saba hivi. Ruta ya volti 5 au 9 usiiunganishe moja kwa moja na betri hiyo, itaungua. Chanya na hasi nazo zisibadilishane.

Kuna adui mwingine, radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa vipimo vya setilaiti vya miaka 16, uliiweka Kabare yetu nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miale takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Stabilizateri haizuii radi. Mvua ikitanda, chomoa ruta ukutani, na kama una antena juu ya paa, chomoa waya wake pia, kabla ngurumo hazijakaribia.

Ninunue ruta ya kuweka SIM?

Kama simu yako ndiyo intaneti pekee, ndiyo, lakini hakikisha haijafungwa kwa kampuni moja. Simu inaweza kugawa Wi-Fi pia, ila mwenye simu akienda sokoni, muziki unakwenda naye.

Kwa nini simu haioni spika?

Mara nyingi simu iko kwenye mtandao wa wageni, au ruta imewekwa itenganishe vifaa visionane. Zima mpangilio huo na uweke vifaa vyote kwenye mtandao mmoja. Umeme ukirudi na spika ikapotea, ingia kwenye mipangilio ya ruta uipe spika anwani ya kudumu. Nenosiri liwe la WPA2 au WPA3, na lile la kiwandani libadilishe siku hiyohiyo.

Ukishuka Bukavu kununua, beba spika yako na flashi yenye nyimbo. Mwambie muuzaji aviunganishe mbele yako, simu ikiwa haina mega. Wimbo usipolia pale dukani, usilipe.