Mfugaji, Mgonjwa na Mkakati wa Taifa wa Tabianchi

Mkakati wa kwanza wa taifa wa mabadiliko ya tabianchi nchini Tanzania ulitolewa mwaka 2012 chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Uliofuata uliwekewa kipindi cha mwaka 2021 hadi 2026. Wanapotajwa wadau wa kushauriwa, wizara, watafiti na wafadhili hukumbukwa upesi. Mhudumu wa zahanati na mgonjwa wake husahaulika kwa urahisi, ilhali madhara huwafikia wao kwanza.

Homa ya Bonde la Ufa inaonyesha kwamba kuwashauri watu hawa si suala la adabu tu. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilifurika kaskazini-mashariki mwa Kenya, na mwaka 2007 ugonjwa huo uliwapata pia watu wa Tanzania. Virusi vyake huweza kudumu katika mayai ya mbu aina ya Aedes yaliyomo udongoni wakati wa kiangazi. Maji yakituama, mayai huanguliwa na mbu huambukiza mifugo. Binadamu naye huambukizwa anapogusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa, au anapoumwa na mbu. Wataalamu waliowahoji wafugaji baada ya mlipuko huo walibaini kuwa wafugaji walikwisha kuona mvua isiyo ya kawaida, makundi makubwa ya mbu na mifugo kuharibu mimba kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa. Taarifa ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwa mwenye mamlaka ya kuchukua hatua.

Kwa hiyo mashauriano yapaswa kuanza kabla rasimu haijaandikwa. Kumpelekea mganga mkuu wa wilaya kurasa mia mbili za Kiingereza siku tatu kabla ya warsha ni kumtaarifu, wala si kumshauri. Mkutano wa kijiji ukiitishwa msimu wa palizi, watahudhuria wasio na shamba. Wanawake, ambao ndio wachotaji wa maji na wauguzi wa nyumbani, mara nyingi husema zaidi wakikutana peke yao.

Mhudumu wa afya anayealikwa asiende mikono mitupu. Rejista za MTUHA za miaka kadhaa, zikilinganishwa na kumbukumbu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, zaweza kuonyesha kama kuhara au malaria huongezeka baada ya mafuriko. Ulinganifu huo pekee hauthibitishi chanzo, lakini hutoa swali linalostahili kujibiwa. Mgonjwa naye ana ushahidi usiomo rejistani: mwenye kisukari asiye na mahali penye ubaridi pa kuhifadhi insulini, au mjamzito aliyezuiwa na mto uliofurika asifike kujifungulia kituoni. Aliyejifungulia njiani haandikwi popote kama mwathirika wa tabianchi.

Nchini Kenya, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inataka wananchi washirikishwe katika kuandaa sera na mipango ya tabianchi. Hata palipo na sheria, mshiriki ana haki ya kuuliza mambo mawili: maoni yapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na yaliyokubaliwa yametengewa fedha katika bajeti ya mwaka upi. Majibu hayo yarudishwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo kilekile maoni yalikotolewa.