Kengeleni: Jina Linalotunza Historia ya Frere Town

Makanga wa matatu zinazotoka mjini Mombasa kuelekea Bamburi na Mtwapa huita "Kengeleni!" mara tu gari linapomaliza kuvuka Daraja la Nyali. Abiria hushuka wakaenda sokoni Kongowea, kazini Nyali au nyumbani Frere Town. Wengi hulitumia jina hilo kila siku bila kuuliza ni kengele gani inayotajwa. Kengele hiyo ilikuwako kweli, na mnara wake mdogo ungali kando ya makutano ya barabara. Makala haya yanaeleza jinsi mtaa huu ulivyoanza, na kwa nini historia yake inamhusu mkazi wa leo.

Mtaa ulianzaje?

Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kuujadili mkataba huo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na likazuka swali: watu hao waliookolewa wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, na wengine walikuwa watoto wasioweza kueleza walikotoka.

Misheni ya Kianglikana ya CMS ilimtuma William Salter Price, naye mwaka 1875 akanunua ardhi Kisauni, bara ya pili ya kisiwa cha Mombasa. Makazi hayo yakapewa jina la Frere. Price aliwahi kusimamia kituo cha Waafrika waliokombolewa kule Nasik, nchini India. Baadhi ya waliosomea huko walirudi Afrika Mashariki wakawa walimu, mafundi na wahubiri wa makazi mapya. Miongoni mwao ni William Jones, aliyefuatana na Askofu Hannington katika safari yake ya mwaka 1885 kuelekea Uganda.

Waliokaa hapo walikuwa nani?

Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na watu wa makabila mengine ya bara. Hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja. Kilichowaunganisha ni Kiswahili, shule, kazi ya mikono na kanisa. Ndoa zilifungwa kati ya watu ambao wazazi wao wasingekutana kamwe, na watoto wao wakaita Frere Town kwao.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Misheni ndiyo iliyopanga kazi, ikatunga sheria na kutoa adhabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko yalikuwa mazito kiasi cha kuchunguzwa na maofisa wa Uingereza. Aliyeokolewa baharini hakuwa tena mali ya mtu, lakini alikuwa bado chini ya amri ya msimamizi.

Kazi ya kengele

Mkataba wa 1873 haukuwafanya watumwa wote wa pwani kuwa huru. Mashamba ya Mombasa na vitongoji vyake yaliendelea kulimwa na watumwa, na baadhi yao walitoroka wakakimbilia vituo vya misheni. Mabwana zao walikasirika na kutishia kuvamia. Ndipo kengele ilipopata kazi yake ya kukumbukwa zaidi: ilipopigwa kwa dharura, watu walijua hatari inakuja. Wakajificha au wakajiandaa kujilinda.

Mgogoro huo ulipunguzwa tarehe 1 Januari 1889, wakati kampuni ya Uingereza ya IBEA ilipowalipa fidia mabwana wa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine, na watoro hao wakapewa vyeti vya uhuru. Utumwa wenyewe ulikoma kutambuliwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Kumbukumbu za maisha hayo zimo katika kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyejulikana nchini kote kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, alizaliwa Frere Town mwaka 1940.

Kutoka makazi hadi mji

Mwaka 1931 daraja la kuelea liliunganisha kisiwa na Nyali, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja la sasa. Mahali palipochaguliwa kwa kuwa ng'ambo ya maji pakawa dakika chache kutoka katikati ya mji. Thamani ya ardhi ikapanda.

Leo Frere Town ni wodi katika eneo bunge la Nyali, pamoja na Kongowea, Mkomani, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Majumba yenye kuta ndefu yanapakana na nyumba za vyumba vya kupanga. Mchuuzi wa mboga kutoka bara, mvuvi, mwalimu na mwenye hoteli hupita njia moja. Kama zamani, ni mtaa wa watu waliotoka mbali.

Somo la ardhi

Ardhi ya Frere Town ilinunuliwa na misheni. Walioilima, wakaijenga na kuzika wazee wao humo hawakuwa ndio walioandikwa kwenye hati. Hili ni jambo la kuzingatiwa na kila mkazi wa pwani: kuishi mahali kwa vizazi na kuwa na hatimiliki ni mambo mawili tofauti.

Mkazi anaweza kuchukua hatua zifuatazo:

- Kabla ya kununua au kujenga, aombe taarifa za kiwanja katika ofisi ya usajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa mtu yeyote nafasi hiyo.
- Familia iliyorithi kiwanja ihakikishe kuwa jina la marehemu limebadilishwa kwa kufuata sheria ya mirathi.
- Tangazo la kubadilisha matumizi ya kiwanja lisomwe mapema, na mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa.
- Jengo la kale, kaburi au mnara unaohatarishwa na ujenzi uripotiwe kwa kaunti na kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.
- Wazee waulizwe, na maelezo yao yaandikwe wakiwa bado hai.

Maswali ya kujadiliana shuleni na barazani

1. Jina la mtaa wenu lilitoka wapi, na ni nani bado anajua?
2. Kwa nini mkataba wa 1873 haukutosha kumaliza utumwa?
3. Ni mahali gani mtaani kwenu panafaa kulindwa kabla hapajajengwa?