Kukasimu kazi si kuitelekeza

Pita Mtaa wa Kongo mchana, ingia duka lolote umuulize kijana aliyepo, mwenye mali yuko wapi. Mara nyingi utaambiwa: "Bosi hashindi hapa, huja jioni kuchukua hesabu."

Si kosa. Kijana akiwa mjuzi na mwaminifu, kumsimamia kichwani kutwa nzima ni kumvunja moyo. Tatizo ni pale bosi anapochukua fedha bila kutazama daftari wala stoo. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti juu ya vikundi vya watoto wa kiume. Kikundi kilichoachwa kijiendee chenyewe hakikufurahia uhuru ule kama wengi wangedhani. Kazi yake ilikuwa duni.

Sisi Waislamu tunalo somo la zamani zaidi, tena la sokoni. Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiweke kilicholowa juu, watu wakione. Tazama: hakumnyang'anya mtu biashara yake, lakini mkono aliuingiza. Naye Umar (r.a.) aliwapa magavana wake madaraka makubwa, kisha akimtuma Muhammad bin Maslama kuchunguza malalamiko ya raia dhidi yao.

Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Ndipo Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo yote ya eneo hili. Mkono uliingizwa baada ya lundo kuanguka.

Tusiinyooshee vidole serikali peke yake. Niliwahi kufundisha madrasa moja ambayo mwenyekiti wake, mzee mpole sana, alikuwa akisema, "Nyinyi ni watu wazima, mimi nimemwachia Mwenyezi Mungu." Tukampenda kwa hilo. Miaka miwili hakuitisha kikao cha hesabu. Alipoitisha, ada za watoto hazikuonekana, wala daftari. Aliyekuwa akizipokea alidai hakuwahi kuambiwa aandike. Na kwa kweli, sikumbuki siku aliyoambiwa.