Dawa ya tansio: midomo ikivimba, usingoje asubuhi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Muuguzi amekupima mkono, akaona una tansio, akakupa vidonge. Soma jina kwenye boksi: captopril, enalapril, lisinopril. Yote yanaishia na «pril», maana ni dawa za ukoo mmoja. Ya kwanza, captopril, iliundwa mwaka 1975, baada ya wataalamu kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazili. Usiogope, ndani ya kidonge hamna sumu. Dawa hizi hulegeza mishipa ya damu ili moyo usichoke kusukuma. Lakini shika mambo haya:

1. Kizunguzungu. Siku za kwanza, ukiamka keti kwanza kando ya kitanda, halafu simama polepole. Usipande ngazi wala kuendesha mashine mpaka mwili umezoea.

2. Maji. Joto la Kisangani linatoa jasho jingi. Ukiharisha au kutapika, tansio inaweza kushuka mno na figo kuumia. Mwone muuguzi siku ile ile. Atakuambia kama dawa isimame kidogo.

3. Chumvi. Makayabu uyaloweke, umwage maji yake. Chumvi ya majivu ya mimea, ile ya wazee wetu, ina potasiamu nyingi. Dawa hizi huzuia potasiamu kutoka mwilini, nayo ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo sababu muuguzi anataka damu yako ipimwe.

4. Maumivu. Mgongo ukiuma baada ya kazi, usijinunulie ibuprofen wala diclofenac. Pamoja na dawa hizi zinaweza kuharibu figo. Uliza kwanza.

5. Mimba. Kidonge cha baba si cha mama. Dawa hizi zinadhuru mtoto tumboni. Mama anayezimeza, akihisi ana mimba, amwambie muuguzi mara moja.

6. Kikohozi kikavu. Kinaweza kutoka kwa dawa, na muuguzi atakubadilishia. Lakini mtu wa mgodi apimwe pia kifua kikuu na ugonjwa wa vumbi.

Sasa jambo kubwa. Usiku mmoja baba anaamka, midomo imevimba, ulimi mzito, sauti imebadilika. Mama anafikiri ni samaki wa jioni. Hapana! Dawa hizi zinaweza kufanya hivyo hata baada ya miezi au miaka, na kwa watu weusi hutokea zaidi. Koo likiziba, pumzi inakatika. Usimpe kidonge kingine. Mpeleke hospitali usiku ule ule, na boksi la dawa mkononi. Unakaa Lubunga? Ujue tangu leo nani ana mtumbwi wa kukuvusha mto usiku. Akipona, asimeze tena dawa yoyote ya «pril», maisha yake yote.

Kwa mengine yote, usiache dawa peke yako kwa sababu unajisikia vizuri. Tansio haipigi hodi.

Mama, weka boksi mahali unapoliona. Wewe ndiye muuguzi wa usiku.