Somo: Kukutanisha Kumbukumbu za Mimea kwa Kompyuta

Ndugu Wanachama,

Leo twataka kueleza jinsi habari za mimea na maradhi yake, zilizoandikwa nchi mbalimbali, zinavyokutanishwa kwa kompyuta.

Tuanze bara, kwa zao la muhogo. Tuseme mkulima wa Kalemela, mkoani Simiyu, ang'oa mihogo yake aione ina mabaka ya kahawia ndani. Ugonjwa huo wa michirizi ya kahawia ulielezwa na Storey wa kituo cha Amani mwaka 1936. Siku hizi mtaalamu huchukua jani, akasoma herufi za urithi za kirusi kilichomo, akazipeleka katika moja ya ghala tatu kubwa za kumbukumbu: ya Marekani, ya Ulaya au ya Japani. Ghala hizo hupashana habari kila siku, hata kilichowekwa Japani kikasomwa Marekani. Kwa kulinganisha herufi hizo imejulikana kuwa ugonjwa huo mmoja waletwa na virusi vya namna mbili.

Lakini kupashana hakutoshi. Yapasa kuandika kwa namna moja. Mwenye madaftari mawili ya mavuno, moja kwa pishi na la pili kwa frasila, hawezi kuyajumlisha mpaka ayageuze kipimo kimoja.

Mkarafuu wetu ni mfano. Katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts walichunguza Unguja ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, wakautaja ukungu uitwao Valsa eugeniae. Zamani wataalamu waliuita mti huu Eugenia. Leo jina lake ni Syzygium aromaticum. Kompyuta isiyoelezwa kwamba majina hayo ni ya mti mmoja itatafuta jina jipya tu, na uchunguzi wa wazee hao utaachwa nje. Ndiyo sababu mtandao wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye makao Copenhagen, huyalinganisha majina ya zamani na mapya, na taasisi zinazouletea habari hutaja jina, mahali na tarehe kwa utaratibu mmoja.

Basi, mkarafuu ukifa shambani, usiandike "mti umekufa" tu. Andika tarehe, kijiji, dalili ya kwanza, kama majani kunyauka au tawi kukauka, na idadi ya miti jirani iliyougua. Kumbukumbu isiyo na mahali wala tarehe haiwezi kuunganishwa na nyingine, hata ikifika katika kompyuta kubwa namna gani.

Wasalaam,
Katibu