Mawe ya Tochi Yaliyokwisha na Haki ya Jirani

Watu wengi wakiona tochi imefifia huyatoa mawe yake wakayatupa uani au jaani, au wakampa mtoto kuchezea. Hudhani kuwa kilichokwisha kazi kimekwisha na madhara. Dhana hiyo ni kosa, na somo letu la leo ni kulibainisha.

Ndani ya jiwe la tochi mna zinki na manganizi, pamoja na dawa kali. Ganda likioza, dawa hiyo hutoka. Ndani ya betri ya gari mna risasi na tindikali. Betri ya simu ikitobolewa yaweza kuwaka moto. Na vile vibetri vya saa, mfano wa kifungo, mtoto akimeza kimoja kikakwama, huweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa mbili. Basi akimbizwe hospitali papo hapo, wala asitapishwe.

Atakayesema haya ni maneno ya kutisha tu, na atazame yaliyotokea Mombasa. Mwaka 2007 katika mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Sumu ikawafikia watu majumbani mwao. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto humdhuru ubongo, na mama asijue mpaka apimwe. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, mwanawe mchanga alipimwa akakutwa nayo damuni. Naye akasimama kuwatetea wenziwe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwahukumia wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitangua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Lakini ni fidia gani itakayomrudishia mtoto afya yake?

Na kila betri iliyoyeyushwa pale ilikuwa na mwenyewe kabla, akaiuza au akaitupa. Je, aliuliza iendako?

Basi yatupasa haya:

Kwanza, usiyachome mawe, usiyapasue, wala usiyatupe kisimani au baharini. Ardhi yetu ya matumbawe hupitisha maji upesi. Unalolizika uani huenda likakurudia mtungini.

Pili, yaweke katika kopo la plastiki, mahali pakavu, mbali na watoto, na ncha zake uzizibe kwa utepe.

Tatu, betri ya gari irudishe dukani ikiwa nzima, wala usimwage tindikali yake mtaroni.

Nne, kopo likijaa, mpe mkusanyaji wa taka za umeme mwenye leseni, na umuulize apelekapo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka imewatwika wenye kuleta bidhaa dhima ya bidhaa zao hata zikisha kutumika, nasi tuwadai.

Wala jambo hili si la watu wa pwani peke yao. Wenzetu wa Kware, kule Ongata Rongai katika Kajiado, nao wana tochi na simu, na wana watoto. Jirani si yule tu mliyepakana ukuta; ni kila atakayefikiwa na ulichokitupa. Kila nyumba na iweke kopo lake leo, kabla ya jiwe jingine kutupwa.