Mhadhiri, usitoneshe kidonda darasani

Ikiwa unafundisha saikolojia chuoni, huwezi kulikwepa somo la kiwewe. Lakini kumbuka kwamba miongoni mwa wanaokusikiliza wamo waliokwisha kuumia.

Chukua mfano wa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Ukilitaja darasani, huenda mbele yako ameketi mtu aliyefiwa na dada yake siku hiyo. Mwingine alinajisiwa au aliponea ajali ya matatu, na hajamwambia mtu.

Mwenye kiwewe akikumbushwa yaliyompata, mwili wake hufanya kana kwamba hatari imerudi. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka, au hukodoa macho asisikie lolote. Usidhani ni mkaidi au amelala.

Je, ufanye nini?

Kwanza, tangaza mada wiki moja kabla, ili mwenye shida apate nafasi ya kukuona faraghani. Hata hivyo, usitegemee onyo pekee. Tafiti zimeonyesha kuwa onyo lenyewe halipunguzi uchungu.

Pili, acha picha za maiti na damu. Dalili za maradhi haya zaweza kuelezwa kwa maneno zikaeleweka.

Tatu, usimtake mwanafunzi asimulie yaliyompata, wala usiyafanye kuwa insha ya kutuzwa alama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2011, kuhusu kuwasaidia waliokumbwa na majanga, unaonya dhidi ya kumshinikiza mtu aeleze masaibu yake.

Nne, anayetaka kutoka nje atoke bila kuulizwa. Baadaye mjulie hali mkiwa wawili. Usijaribu kumtibu, mwelekeze kwa mshauri wa chuo. Jinamizi, kukosa usingizi na kushtukashtuka vikizidi mwezi mmoja, aende hospitali.

Tano, usimalizie kipindi kwenye mauti. Tenga dakika kumi za mwisho ueleze kwamba wengi waliopatwa na misiba hupata nafuu, na kwamba wasiopata wanaweza kutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, na wengine kwa dawa.

Ukikosa kuyasema hayo, mgonjwa ataondoka akijua jina la ugonjwa wake, asijue njia ya kwenda hospitali.